Filimbi Shingoni mwa Nurhan

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: Nurhan sijamsamehe. Wapo watu wa kanisani kwetu hapa Songea wanaoniambia kwamba kisasi humla mwenye nacho. Mimi huwajibu kuwa cha kwangu kimenilisha vizuri tu miaka yote hii. Kinachonisumbua ni kitu kingine, na nitakifikia.

Nilifika Muscat Machi 2002, kwa mkataba wa miaka miwili, kuosha nywele katika saluni ya wanawake huko Khuwair ya Kusini. Mwenye saluni alikuwa Nurhan, Mturuki wa miaka arobaini hivi, mke wa mhandisi wa kampuni ya kwao iliyokuwa ikijenga barabara. Wasusi wake wote walikuwa Waturuki. Mwafrika nilikuwa peke yangu, wa kuosha vichwa, kufagia nywele na kuchemsha chai yao ile ya vikombe vidogo. Jina langu Eufrasia lilimshinda, akaamua kuniita Efra. Nikakubali, maana nilikwenda kutafuta, sikwenda kubishana.

Nurhan hakujua, kwa sababu hakuniuliza, kwamba kabla ya kuosha vichwa nilikuwa kocha. Nilicheza beki katika mashindano ya shule za sekondari, kisha nikasoma kozi ya ukocha mkoani, wanawake tukiwa wawili darasa zima. Siku ya kumaliza, mkufunzi alinipa filimbi ya chuma yenye kamba nyekundu, akasema nimeipata kwa makelele yangu. Nilifundisha wasichana wa shule ya misheni Peramiho miaka minne. Safari ya Omani ilipokuja, filimbi ile niliifunga kwenye kitambaa kimoja na rozari ya marehemu mama yangu.

Mwezi wa Juni mwaka huo likachezwa Kombe la Dunia, na Uturuki ikashika nafasi ya tatu. Saluni ilipagawa. Wateja walikaa na rangi kichwani hadi ikaanza kuwawasha, kwa sababu wasusi wote walikuwa mbele ya televisheni. Siku ya mechi ya mwisho Nurhan alilia, akajifunga bendera kiunoni na kutangaza kwamba wanawake wa Kituruki wa Muscat nao wataanzisha timu yao. Nilidhani ni furaha ya siku moja.

Haikuwa. Oktoba, joto lilipopungua, walikusanyika Ijumaa asubuhi kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa kampuni, Azaiba. Palizungushiwa ukuta mrefu na wanaume walikuwa wamefukuzwa. Walikuwa kumi, wasusi wanne na wake sita wa watu wa kampuni. Mimi nilipelekwa kubeba maji na chupa ya chai. Nikakalia ndoo, nikawatazama. Jamani! Walikuwa wanaukimbilia mpira wote kumi, kama kuku waliomwagiwa mahindi. Mmoja aliupiga kwa nguvu zake zote, kiatu kikaenda mbali kuliko mpira. Nilivumilia robo saa. Filimbi nilikuwa nimeitia mfukoni asubuhi ile, na sitajidai kwamba sikujua kwa nini.

Nikapuliza. Wote wakasimama. Nikaingia katikati, nikamshika mmoja mabega nikamweka kulia, mwingine nikamweka kushoto, mwingine nikamsukuma nyuma. Nikaupiga mpira kwa ndani ya mguu, taratibu, mara tatu. Nurhan alinitazama kwa mdomo wazi, kisha akacheka na kupiga makofi. "Efra!" akasema. "Kumbe unajua!"

Toka siku hiyo timu ilikuwa yangu. Kiarabu changu kilikuwa cha kuokoteza na chao kilikuwa hivyo hivyo, na uwanjani hakuna nafasi ya kutafuta neno. Basi nilipopandwa na jazba nilipiga kelele kwa Kiswahili, kama nilivyozoea Peramiho. Panda! Rudi! Bana! Kushoto! Kulia! Acha! Wakayashika maneno hayo upesi kuliko nilivyotegemea, wakaanza kuitana wenyewe kwa wenyewe. Ilikuwa raha kumsikia mke wa mhandisi akimfokea mwenzake "Lodi! Lodi!" na mwenzake akarudi kweli. Nurhan alifurahi kupita kiasi. "Hii ndiyo siri yetu," aliniambia. "Tukicheza na Waarabu hawataelewa hata neno moja." Mimi nami niliamini hivyo hivyo. Tangu nifike nilikuwa sijamsikia mtu wa Muscat akisema Kiswahili.

Kazi kubwa ilikuwa kipa. Aliitwa Gulten, mrefu, mpole, mke wa mpima ardhi, na alikuwa anaogopa mpira. Ukimrushia alifumba macho. Nikaenda soko la matunda la Mawaleh, nikaomba machungwa yaliyoanza kuoza, nikarudi na gunia. Kila Ijumaa nilimsimamisha golini nikamrushia machungwa. Akikosa, chungwa lilimpasukia kifuani. Wiki tatu alinuka machungwa, ya nne akaanza kudaka. Kasoro yake ya pili ilikuwa kurukia kila kitu, hata mipira inayokwenda nje, mpaka akawa anaiingiza golini yeye mwenyewe. Hapo nikamfundisha neno "Acha." Nikisema acha, maana yake mimi nimeona, mpira unatoka, shusha mikono. Mipira ya juu aliendelea kuifumbia macho mpaka mwisho, lakini sauti yangu aliifuata bila kusita, na sikuwahi kumwambia acha kwa mpira usiokuwa wa kuachwa. Kila akidaka alinigeukia. Kwa kuwa nilishamgombeza mno juu ya anavyosimama, aliniuliza swali lile lile, kwa Kiarabu chake kile: "Na miguu?"

"Miguu mibaya," nilimjibu karibu kila siku. Akacheka, akarudi golini.

Mwezi wa Mei zikaja jezi kutoka kwao, nyekundu, kila moja na jina mgongoni. Nilifungua katoni pamoja nao. Nikazitoa moja moja, nikasoma majina, nikagawa, mpaka katoni likabaki tupu. Nikanyanyua karatasi ya chini nikatazama tena. Gulten aliniona nikitazama, akainama kufunga kamba za viatu.

Siku hiyo alikuwapo mwandishi, mwanamke wa Kituruki kutoka Dubai, wa gazeti la Waturuki wa Ghuba. Timu ikajipanga kwa picha. Nami nikasimama mwisho wa mstari wa nyuma, mahali anaposimama kocha. Nurhan akanijia, akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniua: "Efra, sogea kidogo, ushike mikoba. Hii ni timu ya Waturuki." Kisha akanyoosha mkono. "Na filimbi. Kwa ajili ya picha tu."

Pasipoti yangu ilikuwa kwenye droo yake, lakini siwezi kusingizia hiyo. Nilivua filimbi mwenyewe nikampa, kama mtu anayempitishia mwenzake chumvi mezani. Wachezaji kumi waliona. Wote nilikuwa nimewashika mabega kwa mikono hii, na hakuna aliyefungua mdomo, hata Gulten. Nikashika mikoba.

Filimbi hakuirudisha. Gazeti lilipotoka, ukurasa ule ulitiwa kwenye fremu ukatundikwa juu ya sinki langu la kuoshea vichwa, ili wateja waliolala chali wausome. Msusi mmoja alinisomea maneno ya chini: Nurhan, mwanzilishi na kocha. Pale pichani filimbi yangu ilikuwa inang'aa kifuani mwake. Pembeni kabisa, ukitazama vizuri, kulikuwa na kiwiko cha mtu mweusi aliyebeba mikoba. Kila kichwa nilichoosha nilikiosha nikitazama kiwiko changu.

"Ijumaa sasa pumzika," Nurhan aliniambia, akidhani ananitendea wema. "Wameshajua." Badala yake Jumamosi aliniletea mfuko wa jezi za kufua. Nilizifua, nikazianika, nikazipiga pasi. Na usiku na mchana nilitaka jambo moja tu: Nurhan aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, ni nani aliyewafundisha mpira wale wanawake. Sikuwa na njia. Nilikuwa na hasira tu, na hasira peke yake haikusaidii kitu ukiwa umeshika shampuu.

Njia ilikuja mwezi wa Julai. Aliingia mteja wa siku zote, bibi mmoja wa benki, abaya nzuri, saa ya dhahabu, ambaye mwaka mzima nilimsalimia kwa Kiarabu naye akanijibu kwa Kiarabu. Akalala chali kwenye sinki. Nurhan akapita nyuma yangu na simu sikioni, akamsimulia mtu habari za timu yake. Nikaanza kunong'ona kwa Kiswahili, kama ilivyokuwa desturi yangu: "Nywele zikupukutike zote, ewe mwizi, ubaki kama kitunguu. Uende sokoni watu wakuulize bei."

"Maji yamezidi moto, dada," akasema yule bibi, macho kafumba. "Na hizo zangu usizitie kwenye dua hiyo."

Nusura niangushe bomba. "Samahani, madam... wewe unajua Kiswahili?"

"Alaa! Mie mzaliwa wa Unguja. Mama yangu mpaka leo akighadhibika Kiarabu hakimtoki. Nusu ya Muscat yakusikia, mwenzangu, wewe watukana tu." Akafumbua jicho moja. "Jina langu Khole. Haya, n'ambie, khabari gani na huyu Mturuki?"

Nikamwaga yote, kichwa chake mikononi mwangu. Alisikiliza hadi povu likakauka. Kisha akaniambia kwamba yeye na binamu zake na wenzake wa benki nao hucheza mpira uani kwao Mawaleh, siku za Ijumaa, wala hawajui wanachokifanya. "Twacheza kama twafukuza paka," akasema. "Njoo utufunze, na kila mtu atajua wewe ndiye mwalimu wetu. Sisi hatuna haya ya kufunzwa."

Nilipokuwa nazisuuza nywele zake ndipo nikayakumbuka maneno ya Nurhan: Waarabu hawataelewa hata neno moja. Nikacheka, mara ya kwanza tangu Mei.

Kuanzia Oktoba, kila Ijumaa, Khole alinifuata na gari lake lenye vioo vyeusi. Uani kwao kulikuwa na ukuta kama ule wa Azaiba, na mama yake, Bi Sabah, alikaa kwenye kiti kivulini akitutazama na kukosoa. Nilitengeneza timu. Sitaki kujisifu, lakini nilitengeneza timu. Na nilipowafundisha, niliwafundisha Waturuki walivyo: yupi hawezi mguu wa kushoto, yupi hapandi mpaka aambiwe, na kwamba wao hupeana taarifa ya kila hatua kwa kelele, kwa maneno ambayo kila mtu uani pale aliyajua tangu ananyonya. Nikawaagiza wao siku ya mechi waseme Kiarabu tu.

Khole aliniwekea sharti moja. "Kuwasikiliza hakuna ubaya, masikio ni yetu," alisema. "Lakini kuwaita sisi kwa maneno hayo, kuwakhadaa, la. Hilo sitaki. Tushinde kwa miguu."

"Sawa," nikamwambia, na nilimaanisha.

Mechi yetu na Waturuki ilipangwa Machi 2004, katika bonanza la wanawake la shule moja binafsi ya wasichana, Azaiba, timu za watu saba saba. Mkataba wangu ulikuwa unaisha wiki hiyo. Nilikwisha kumwambia Nurhan siongezi, pasipoti ninayo na tiketi ya Jumapili ninayo. Hakuwa na cha kunifanya tena. Mlangoni walikusanya kamera na simu zote, kama ilivyo desturi wanawake wakicheza, na mwanamume hakuwapo hata wa kufungua geti. Refa alikuwa Bashayer, mwalimu wa michezo, mwenyeji wa Nizwa, ambaye Kiswahili hakukijua hata salamu. Kwenye karatasi yake kila timu iliandika jina la kocha.

Nurhan aliingia na kikosi chake kwenye jezi nilizozipiga pasi mwenyewe Jumanne. Filimbi yangu ilikuwa shingoni mwake. Aliponiona kwenye benchi la Waomani alisimama, akaangalia huku na huku kama anayetafuta mikoba niliyotakiwa kushika. Kisha akatabasamu, akamnong'oneza msusi wake mmoja, wakacheka wote wawili. Nadhani alimwambia nimepata mabibi wapya wa kuwachemshia chai.

Mpira ukaanza. "Pada! Pada!" wakaitana Waturuki, na kabla hawajapanda, mabeki wetu walishajua wanapanda. "Kushoto!" na Khole alikuwa tayari kushoto, anausubiri. Robo saa haikupita wakaanza kuchanganyikiwa. Kila pasi waliyotangaza ilikatwa. Nurhan alisimama pembeni akiwahimiza wapige kelele zaidi, na walivyozidi kupiga kelele ndivyo tulivyozidi kuelewa. Kwenye viti Bi Sabah alinyanyua kichwa. "Hee!" akasema kwa sauti. "Hawa Waturuki mbona wasema Kiswahili? Ama mie nnasikia vibaya?" Binti mmoja akamziba mdomo, na safu nzima ya kina mama wa Kizanzibari wakaingiza nyuso kwenye mitandio kwa kucheka.

Ningesema roho ilisuuzika, lakini magoli hayakuja. Yalikataliwa na Gulten. Khole alipiga kulia, Gulten akadaka. Binamu yake akapiga chini, Gulten akalala nao. Alidaka kipindi cha kwanza chote, akadaka na cha pili, vidole wazi, kifua nyuma ya mpira, kama nilivyomfundisha. Kila akidaka alikuwa anageukia benchi lao kisha anageuka tena upesi. Nilijivunia, nitakuwa mnafiki nikisema sikujivunia, na kujivunia kule kulinitia hasira zaidi. Kilichokizuia kisasi changu ni kazi ya mikono yangu, na sifa zake zilikuwa zinakwenda kwa mwanamke aliyevaa filimbi yangu.

Zikabaki dakika mbili, bila bila. Nurhan alishaanza kukumbatia watu. Sare na wenyeji, timu ya mwaka mmoja na nusu, kwake ilikuwa ushindi. Nikaona gazeti, nikaona fremu ya pili juu ya sinki, na mwingine atakayeajiriwa baada yangu akiosha vichwa chini yake.

Khole akapata mpira nje kidogo ya boksi, akaupiga juu. Ulikuwa mzuri, lakini si wa kumshinda kipa yule. Gulten alirudi hatua mbili, akaruka, mikono juu, na macho akayafumba. Mimi nilikuwa nimesimama. Nilikuwa nimejua kwa sekunde nzima nitakachofanya, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kilinitoka tu.

"Acha!" nikapiga kelele.

Gulten akashusha mikono. Mpira ukapita pale pale ilipokuwa, ukaingia golini, ukazunguka kwenye wavu na kutulia.

Bashayer akapuliza filimbi na kuonyesha katikati. Hapo Nurhan akaingia uwanjani mbio, amewiva uso kama jezi yake. "Si goli!" akafoka kwa Kiarabu. "Yule kapiga kelele! Kamdanganya kipa wangu!"

"Kasema nini?" Bashayer akauliza.

"Kasema acha!"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni... ni kuacha. Uache mpira. Ni Kiswahili."

Bashayer akamtazama, akatazama jezi, akamtazama tena. "Nyinyi Waturuki mnacheza kwa Kiswahili?" Vicheko vikapasuka kwenye viti, na safari hii hakuna aliyeuficha uso. Nurhan akageuka akawaona wale mabibi, Bi Sabah akijipangusa machozi, na nilimwona anaelewa. Alielewa kwa nini kila pasi ilikatwa.

"Benchini mtu hupiga kelele," Bashayer akasema. "Kipa wako ana hiari ya kutosikiliza. Kwa nini amsikilize mwanamke wa timu nyingine?"

Nilijua swali hilo lina jibu moja tu. Nikasogea mpaka kwenye mstari nikasubiri, mikono nyuma. Nurhan alinitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuiona kwa mtu, akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka getini: "Kwa sababu huyu ndiye aliyewafundisha! Wote! Mimi sijui mpira. Huyu ndiye kocha wao, wamezoea sauti yake!"

Haya. Ndiyo hayo. Miezi kumi nilikuwa nikiyangoja maneno yale, na yalikuja mbele ya wanawake mia mbili.

Bashayer akatoa karatasi yake, akaisoma bila haraka. "Hapa umeandika kocha ni wewe," akasema. "Kama ni wewe, kipa wako kamsikiliza mtu asiyemhusu, na kosa ni lake. Kama ni huyu, basi kipa kamtii kocha wake. Kwa vyovyote, goli." Akakunja karatasi.

Nurhan akavua filimbi akaitupa mchangani mbele ya miguu yangu. Niliiokota, nikaipangusa kwa kanga, nikaivaa. Nilikuwa na sentensi ya Kituruki niliyoitayarisha tangu mwaka uliopita, tusi kamili, nililojifunza kwa kuwasikiliza wasusi. Nikamwambia. Akalisikia. Mpaka leo nikikumbuka sura yake nalala vizuri.

Mpira ulipokwisha timu yangu haikunibeba. Khole alikuja akiwa na kikombe cha ushindi mkononi, akasimama mbele yangu. "Tulikubaliana nini mie nawe?" akaniuliza. Akakiweka kikombe juu ya benchi, karibu nami lakini si mkononi mwangu, akaenda kwa mama yake.

Nikawa nafunga begi langu nilipoona kivuli. Alikuwa Gulten, magoti yamejaa mchanga. Nilijiweka tayari kwa matusi na nilikuwa na majibu, kwa sababu na yeye alinyamaza siku ile ya picha. Hakutukana. Alikuwa anatafuta Kiarabu, neno moja moja.

"Nilisikia sauti yako," akasema. "Nikafurahi. Nilidhani umerudi kwetu."

Nilitafuta kile nilichokuwa nacho dakika tano nyuma, ile hasira tamu, sikuipata. Ilikuwapo ya Nurhan, ya huyu haikuwapo. Kwa mara ya kwanza siku ile niliona haya.

"Ule mpira haukuwa wa kuacha," nikamwambia. "Ulikuwa wako. Mikono ilikuwa mahali pake. Ungeudaka."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mwanafunzi anayesahihishwa. Akatazama goli, akatazama mikono yake, kisha akanigeukia.

"Na miguu?" akauliza.

"Miguu pia," nikasema. "Miguu ilikuwa mizuri."